Buibui ya metre moja: nani aliipima?

Kuko hadithi moja yenye inatembea mu inchi nyingi, na inasemwa juu ya Kongo yetu. Wanasema kama mu 1938 Mzungu mmoja na bibi yake walikuwa mu motokari, ndani ya pori la Kongo ya Wabeleji, wakaona kitu kinavuka barabara. Wakafikiri ni paka ao nyani. Kumbe, wanasema, ni buibui! Wengine wanaandika kama ukubwa wake ulikaribia metre moja, wengine wanaongeza mpaka metre moja na nusu.

Mchimbaji anajua swali la kuuliza hapa. Ukifikisha mifuko yako ku depo, na mwenye kununua anataja uzito bila kuiweka ku mizani mbele ya macho yako, utakubali? Hapana. Basi na hii buibui ni vile vile. Hakuna foto, hakuna hata mguu mumoja wenye uliwekwa mu muzeo.

Sasa tuangalie zile zenye zilipimwa kweli. Buibui yenye kupita zote kwa uzito inaishi Amerika ya Kusini, mu misitu ya Venezuela na Guyana. Ukinyoosha miguu, toka ncha mpaka ncha, inafika santimetre 28 hivi, sawa na sahani ya bukari. Uzito wake ni gramu 170 hivi, haifike hata robo ya kilo. Mu 2001 walitangaza ingine ya Laos: miguu santimetre 30, lakini mwili haufike santimetre 5. Njo pale wanakudanganyia: wanakupa kipimo cha miguu, na wewe unafikiri ni mwili.

Foto nayo inadanganya. Mu 2004 foto moja ilitoka Iraki, ya wadudu wenye wanaitwa buibui wa ngamia. Ulisema ni wakubwa kama mguu mzima wa askari. Lakini walikuwa wawili, mumoja ameshika mwenzake, na waliwekwa karibu sana na mashini ya foto. Askari alikuwa nyuma. Kwa kweli mdudu huyo na miguu yake anafika santimetre 15 hivi, na si buibui kamili.

Hata wenye kusoma sana wanapotea. Mu 1980, ku Argentina, mwalimu mmoja alitangaza buibui kubwa sana ya zamani, yenye alama zake zilibakia ndani ya jiwe. Mu 2005 wakaichunguza tena: ni mdudu wa mu maji, si buibui. Na huyo mwalimu mwenyewe alikuwa kati ya wale waliosahihisha. Hiyo njo heshima.

Juu ya nini buibui haiwezi kufika metre? Fikiri miti yenye inashikilia dari ya shimo. Ukiongeza kila kipimo cha mdudu mara 10, uzito unaongezeka mara 1.000, lakini eneo la mguu ukiukata, lenye linabeba, linaongezeka mara 100 tu. Ukilinganisha na nguvu yake, kila mguu unabeba mara 10 kupita mbele. Utavunjika, sawa na mti mwembamba chini ya mwamba.

Hatusemi ushike buibui na mukono. Ziko zenye kuuma vibaya. Lakini kila hofu ina kipimo chake. Mu shimo, chenye kuua watu wetu ni udongo kuanguka kiisha mvua, na hewa mbaya. Mwenye kuangalia buibui ya hadithi anaweza kukosa kuona ufa ulio juu ya kichwa chake.

Basi mutoto akikuletea foto ya ajabu mu telefone, baba, mama, umuulize maneno matatu: Kando yake kuko nini? Ni mwili ao miguu? Nani alipima?