Alama za Malori Zisifichwe
Nchini Marekani serikali huwapa alama wenye malori. Tangu Desemba 2010, makosa yanaswayo barabarani katika miezi 24, kama vile breki mbovu au dereva kushika usukani zaidi ya saa 11, hujumlishwa. Kosa jipya huzidi la zamani kwa uzito. Alama zikipanda, wakaguzi hubisha hodi.

Lakini mwaka 2015 Bunge la huko liliamuru alama za wachukuzi wa mizigo zifichwe. Wenye mali walinung’unika kwamba hata ajali isiyo kosa la dereva huhesabiwa. Nung’uniko hilo lilikuwa na haki. Basi ingesahihishwa hesabu, isizibwe macho ya watu! Leo tajiri huziona alama zake. Dereva aendaye kumwomba kazi hazioni.