Jani Lililoanguka Si Taka

Yapo mambo ambayo jicho huyadharau kwa kuyazoea, na mojawapo ni jani kavu lililolala chini ya mti. Leo tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu thamani yake, nasi twachukua mfano wa misitu ya mialoni ya Ulaya, ambako watu walipata funzo hili kwa gharama kubwa.

Kabla ya majira ya baridi mwaloni hupukutisha majani yake. Lakini mti huo hautapanyi mali yake ovyo: kabla ya kuliachilia jani, huirudisha matawini kadiri ya nusu ya nitrojeni iliyomo. Kilichosalia huenda chini. Katika hekta moja ya msitu mpevu, majani, vijiti na matunda yaangukayo kwa mwaka aghalabu hufika tani 3 hadi 5 yakikauka, na ndani yake mna kama kilo 30 hadi 50 za nitrojeni.

Akiba hiyo hairudi udongoni kwa siku moja. Potasiamu huoshwa upesi na mvua. Nitrojeni hungoja kazi ya kuvu, vijidudu na nyungunyungu. Na kwa kuwa jani la mwaloni ni gumu, huweza kupita mwaka na zaidi kabla halijawa mboji. Ndipo mizizi huinyonya, na jani la jana likawa jani la kesho.

Katika karne ya 18 na ya 19, wakulima wengi wa Ujerumani walipungukiwa na mabua ya nafaka. Basi walikwangua majani misituni, ya mialoni na ya miti mingine, wakayatandika mazizini, kisha wakayapeleka mashambani kuwa samadi. Shamba lilinenepa, msitu ukakonda. Udongo ulizidi uchachu na miti ikadumaa. Mwaka 1876 mtaalamu Ernst Ebermayer wa Bavaria alitoa kitabu kizima juu ya majani hayo, akionyesha kwa vipimo chakula cha miti kinachoondoka pamoja nayo. Hata hivyo, mahali pengine desturi hiyo iliendelea hadi karne ya 20.

Tusiwalaumu upesi wakulima wale, kwani walikuwa na mifugo na watoto wa kulisha. Lakini achukuaye kila mwaka asirudishe, hula mtaji wake. Enyi vijana, mnapofagia majani chini ya mti na kuyatia moto, kumbukeni kwamba nitrojeni yake huondoka na moshi. Yaacheni shinani, mti ujilishe.