RUHUSA YA KUJENGA NA PAA LA NYUMBA YAKO YA KIJIJINI

Wenzi wafanyakazi, na ninyi mama wa kambini,

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza, mwezi wa 10 ao wa 11, tunapokea kwenye dispanseri watu wenye vidonda ambavyo havikutoka kazini. Wengine wamekatwa na mabati, yaani manjanja yetu, yaliyobebwa na upepo. Wengine wameanguka toka juu ya nyumba.

Baba mmoja alikuwa karibu na pansio. Alitumia akiba ya miaka mingi kujenga kijijini kwao, vyumba vitatu vya matofari ya kuchoma. Tufani ya mangaribi moja ilibeba paa lote, na kipande cha manjanja kikamchana mtoto wake mguuni mpaka mfupa ukaonekana. Nilipokuwa nikimshona mtoto, nilimuuliza baba kama alikuwa na ruhusa ya kujenga. Akajibu: "Mganga, ruhusa ni mambo ya mji."

Wengi wetu tunawaza hivyo. Lakini tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973, udongo wote wa inchi yetu ni mali ya Serikali, wa mji na wa kijiji. Chefu anaweza kukuonyesha kiwanja na kukupa karatasi ya kushuhudia. Uitunze vizuri. Lakini karatasi ya chefu si hati ya udongo, na hati ya udongo si ruhusa ya kujenga. Hati inatafutwa kwa Affaires Foncières. Kwa nyumba ya matofari na manjanja, pita kwanza kwenye ofisi ya Urbanisme et Habitat ya teritwari yako, ukiwa na karatasi za kiwanja na plani ya nyumba, kabla ya kuchimba msingi. Uliza bei, na usitoe franga bila kupewa karatasi ya malipo. Najua, ofisi iko mbali na safari inakula akiba. Nyumba iliyoanguka inakula zaidi.

Sisi watu wa migodi tuulize tena neno moja: kiwanja kiko ndani ya eneo la mwenye ruhusa ya kuchimba? Kwa sheria ya migodi ya mwaka 2002, haki ya kuchimba ni mbali na haki ya udongo wa juu. Siku kampuni inapofika na kuhesabu nyumba za kulipa, asiye na karatasi anapata taabu kujitetea.

Faida ingine ya ruhusa ni kwamba plani inatazamwa wakati kosa lingali juu ya karatasi tu. Lakini tusidanganyane, mhuri haushikilii manjanja. Misumari ndiyo inayashikilia.

Upepo hausukumi paa tu. Unaingia chini ya ukingo na kuinua, na wakati ule ule ule unaopita juu unavuta. Ndiyo sababu paa lililolala sana linabebwa upesi. Kwa kila meta 2 za upana, paa lipande karibu meta 1. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa manjanja, si ndani ya mfereji wake ambamo maji yanapita. Pembeni na kileleni, ambako upepo unaanza kung'oa, iwe mingi zaidi. Mbao nazo zifungwe kwa ukuta: waya mnene upite ndani ya ukuta mistari minne ao mitano ya matofari chini, kisha uzungushwe juu ya mbao. Fundi wengi wanaweka mbao juu ya tofari la mwisho tu, na paa linaondoka pamoja na tofari lile. Baraza ipewe paa lake peke yake, ili ikibebwa isivute nyumba nzima. Na mawe juu ya manjanja, tafazali, hapana. Tufani ikija, jiwe linaanguka juu ya kichwa cha mtu.

Wengine wananunua mabamba ya kijivu ya zamani, ya simenti na amianti, kwa sababu ni ya bei ndogo. Hayo nayaogopa zaidi. Yakikatwa kwa msumeno ao kuvunjwa, yanatoa vumbi lisiloonekana linaloingia ndani ya mapafu, na kansa yake inaweza kutokea miaka 20, 30 ao 40 nyuma. Kwa anayevuta tumbaku hatari ya kansa ya mapafu inazidi sana, na mfanyakazi aliyekwisha kupumua vumbi la mgodi hana mapafu ya kuongeza mzigo. Usiyanunue. Kama yako tayari juu ya nyumba na ni mazima, yaache. Usiyakwangue wala kuyatoboa. Usikanyage juu yake bila ubao mrefu, maana yanavunjika ghafula. Yakilazimika kutoka, yamwagiwe maji kwanza, yashushwe mazima, watoto wakiwa mbali. Nguo za kazi hiyo zisikung'utwe ndani ya nyumba. Mama azitie katika maji mara moja. Vipande vilivyovunjika vifungwe ndani ya mfuko na kuzikwa mbali na kisima, wala visisagwe kwa kutengeneza njia ya kiwanja.