Maji ya Nakivale: Kazi Kubwa ni Kabla ya Mashine

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jamaa wengi wa Base Camp hutumia maji yavutwayo kutoka ziwani, yakasafishwa, kisha yakapelekwa bombani. Ziwa hilo limo katika mfumo wa Mto Rwizi upitao mjini Mbarara. Kwa hiyo yatendwayo mjini huweza kuwafikia walioko makazini.

Siku hizi ziko mashine zisomazo mamilioni ya vipande vya vinasaba vya vijidudu kwa zamu moja. Iko hata ya kutosha kiganjani, iliyotumika Guinea mwaka 2015 wakati wa Ebola. Lakini mashine ni kama bunduki: shabaha ni ya askari.

Kwanza ni swali. "Ziwani mna nini?" halitoshi. Swali jema ni hili: je, vijidudu hutofautianaje baina ya ziwa na bomba, kiangazi na masika? Chupa moja ya ziwa na moja ya bomba hazithibitishi kitu, kwani hata chupa mbili zilizotekwa mahali pamoja hutofautiana. Kwa swali kama hilo, afadhali chupa nyingi zilizosomwa kwa kiasi kuliko chache zilizosomwa mno.

Pili ni utaratibu. Mahali, saa, joto la maji na mvua viandikwe. Chupa zipelekwe katika barafu, maana vijidudu huendelea kuzaana njiani. Maabarani zichanganywe: za ziwa zikishughulikiwa Jumatatu na za bomba Ijumaa, tofauti ya siku itadhaniwa kuwa tofauti ya maji.

Tatu ni chupa ya ushahidi, yenye maji yasiyo na vijidudu, ipitishwe njia ile ile. Mwaka 2014 wataalamu walionyesha kwamba dawa za maabara zenyewe huweza kuwa na vinasaba vya bakteria. Bila chupa hiyo, ziwa litasingiziwa uchafu wa maabara.

Kosa hapa si la karatasi tu. Hofu ya uongo huwarudisha watu kuteka ziwani. Usalama wa uongo huwauguza watoto. Tena vinasaba vya kijidudu kilichouawa na klorini bado husomeka. Hivyo kipimo cha zamani cha kuotesha bakteria kisiachwe.

Nasi nyumbani, wakati wataalamu wanapanga, tuchemshe maji ya kunywa na kuyafunika vema. Kinga hiyo haingoji mashine.