Kumbukumbu ya wahudumu wa dharura waliofariki kazini

Kumbukumbu ya wahudumu wa dharura waliofariki kazini ni desturi ya kuwaenzi madaktari, wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa na wasaidizi wao waliopoteza maisha wakijaribu kuokoa ya wengine. Hufanywa kwa njia mbalimbali, kama vile ibada, kaburi au mnara wenye majina, siku maalumu katika mwaka, au safari ya baiskeli. Kumbukumbu hizo zina kazi mbili: kutaja majina ya marehemu ili yasisahaulike, na kueleza jinsi kifo kilivyotokea ili wanaobaki kazini wajikinge.

Safari ya baiskeli

Nchini Marekani safari ya baiskeli ya kuwakumbuka wahudumu wa dharura ilianza mwaka 2002. Hufanyika kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Mei, na huchukua siku kadhaa. Washiriki wengi ni wahudumu wenyewe, na baadhi ni ndugu wa marehemu. Hayo si mashindano, kwa hiyo hakuna mshindi. Waendeshaji hubeba majina na picha za waliofariki na kuyataja majina hayo njiani, ili watu wa miji wanayopita wajue kwamba kazi hiyo ina hatari zake.

Hatari kubwa ni ajali za barabarani, kwa sababu gari la wagonjwa hukimbia usiku na mchana, na maambukizi, kwa sababu mhudumu hugusa damu na majimaji ya mwili kabla ugonjwa haujajulikana. Katika Afrika ya Mashariki, hatari hiyo ya pili imeua wahudumu mara nyingi wakati wa milipuko ya magonjwa.

Hospitali ya Lacor, Uganda

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mwezi wa Oktoba 2000 watu kadhaa, wakiwemo wanafunzi wa uuguzi, walifariki hapo kwa ugonjwa usioeleweka. Mganga mkuu wa hospitali, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa masomoni Kampala. Alirudi, akasoma mafaili ya wagonjwa usiku kucha, akashuku kwamba ni homa ya virusi inayosababisha kutokwa damu. Alitoa taarifa mapema kwa wizara ya afya, na sampuli zilizopimwa nchini Afrika Kusini zikathibitisha kuwa ni Ebola.

Wodi ya kuwatenga wagonjwa ilianzishwa, na watumishi wakafundishwa kuvaa glavu, barakoa, gauni na miwani ya kinga. Hata hivyo wauguzi waliendelea kuambukizwa na kufa. Mwezi wa Novemba watumishi waliingiwa na hofu kubwa, na baadhi walitaka hospitali ifungwe. Lukwiya alikutana nao na kuzungumza nao kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alibaki kazini, nao wengi wakabaki.

Mwezi huohuo aliitwa usiku kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa katika hali mbaya. Alivaa glavu, barakoa na gauni, lakini hakuvaa kinga ya macho. Aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa katika eneo la hospitali, karibu na kaburi la Dkt. Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada aliyefariki mwaka 1996 kwa UKIMWI, baada ya kuambukizwa akiwa anawapasua wagonjwa.

Katika mlipuko huo watu 425 waliugua na 224 walifariki. Watumishi wa Lacor waliokufa walikuwa zaidi ya 10, wengi wao wauguzi. Jina la Lukwiya linajulikana duniani, ilhali majina ya wauguzi hao hayajulikani sana nje ya Gulu. Ndiyo sababu katika kumbukumbu nzuri majina yote huorodheshwa pamoja, bila kujali cheo.

Milipuko ya baadaye

Mlipuko mwingine wa Ebola ulitangazwa nchini Uganda tarehe 20 Septemba 2022. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao walifariki. Mmoja wao alikuwa Dkt. Mohammed Ali, Mtanzania mwenye umri wa miaka 37 aliyekuwa akisomea upasuaji nchini humo. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2022 huko Fort Portal.

Nchini Tanzania, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera mwezi wa Machi 2023. Watu 6 walifariki, na miongoni mwao alikuwemo mhudumu wa afya.

Wanaosahaulika

Huduma ya dharura haitolewi na waajiriwa wa hospitali peke yao. Chini ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa nchini Tanzania mwaka 2022, mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura husafirishwa baada ya simu kupigwa kwa namba 115 bila malipo. Pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa. Kwa kata za vijijini kama Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, utaratibu wa namna hiyo una maana kubwa, kwa kuwa safari ya kufika hospitali ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Dereva huyo, mfanya usafi wa wodi na mzika maiti wakati wa mlipuko hukabili hatari ileile inayomkabili daktari. Hata hivyo mara nyingi hawamo katika orodha za waajiriwa wa afya, na wakifariki ni rahisi majina yao kukosekana katika kumbukumbu. Kuwaingiza humo kunasaidia pia kuonyesha nani mwingine anahitaji glavu, miwani ya kinga na mafunzo kabla ya dharura ijayo.