Barabara za kulipia nchi jirani: Ulipe wapi, ulipe nini, na usilipe kwa nani

Mwezi uliopita alitupigia simu msikilizaji wetu mmoja, mkulima wa vitunguu kutoka bonde la Mang'ola, wilayani Karatu. Alikuwa amepeleka mzigo Nairobi kwa pikapu yake, safari yake ya kwanza kuvuka mpaka akiwa anaendesha mwenyewe. Kabla ya kuvuka, kijana mmoja alimfuata akamwambia kwamba Kenya siku hizi barabara ni za kulipia, na kwamba asipokuwa na kibali gari litakamatwa. Akamuuzia karatasi yenye muhuri kwa shilingi 40,000.

Alipofika Nairobi alipanda barabara ya juu akiwa na amani. Kwenye kituo cha kutokea akatoa ile karatasi. Mhudumu akaitazama, akamrudishia, akamwambia anadaiwa tozo kama gari lingine lolote. Mfukoni alikuwa na fedha za Tanzania tu. Nyuma yake magari yakaanza kupiga honi. Aliyemwokoa ni dereva wa gari lililokuwa nyuma, aliyembadilishia hela kwa bei aliyoitaka mwenyewe.

Swali lake kwetu lilikuwa fupi: "Mimi nilikosea wapi?"

Tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanavuka mipaka. Wapo wanaopeleka mazao, wanaofuata bidhaa za maduka yao, wanaopeleka wagonjwa na wanaokwenda kwenye harusi na misiba ya ndugu.

Barabara ya kulipia ni nini?

Barabara nyingi tunazopita zimelipiwa na sote bila kuona. Kila unapoweka mafuta, ndani ya bei ya lita moja mna tozo ya barabara. Ndivyo ilivyo Tanzania, na Kenya pia wana tozo yao kwenye mafuta. Kwa hiyo ukijaza mafuta Kenya, tayari umechangia barabara za Kenya.

Barabara ya kulipia ni tofauti. Hapo unalipa kwa kuipita barabara hiyo moja tu, siku hiyo, kwa gari hilo. Waliowahi kuvuka Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, wanaujua utaratibu huo: unafika kwenye kizuizi, unalipa, mti unanyanyuka, unapita.

Kwa nini ulipie? Mara nyingi ni kwa sababu aliyejenga alitumia fedha za mkopo au za kwake, na anazirudisha kidogo kidogo kutoka kwa wanaopita. Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na kampuni ya Kichina ya China Road and Bridge Corporation. Magari yalianza kuipita Mei 2022. Kampuni tanzu yake inaiendesha na kukusanya tozo kwa miaka 27, kisha barabara irudi serikalini.

Unalipaje?

Kuna mitindo miwili mikubwa, na ni vizuri kuijua kabla ya safari.

Mtindo wa kwanza ni kulipa kwa umbali. Nairobi Expressway inatumia huu. Unapoingia unachukua kadi inayoonyesha umeingilia wapi. Unapotoka unaikabidhi kwa mhudumu, naye anakuambia kiasi. Kwa hiyo kadi hiyo usiitupe na usiiweke mahali utakapoisahau. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, gari dogo la kawaida hulipa kuanzia shilingi 170 za Kenya kwa kipande kifupi, hadi shilingi 500 kwa urefu wote. Magari makubwa hulipa zaidi kulingana na daraja lake. Viwango hivyo vilikuwa chini zaidi barabara ilipofunguliwa. Vilipanda kwa sababu hesabu za mradi zimefungwa kwenye dola, na shilingi ya Kenya ilikuwa imeshuka. Vinaweza kubadilika tena, kwa hiyo uliza kabla hujapanda.

Wakazi wa Nairobi wanaoipita kila siku huweka kifaa kidogo kwenye kioo cha mbele. Kifaa kinajazwa fedha kabla, na mashine inakisoma gari likipita. Zipo njia maalumu kwa magari yenye kifaa hicho. Wewe mgeni wa siku moja hukihitaji, ila angalia usijiingize kwenye njia yao. Tafuta njia ya kulipa taslimu.

Mtindo wa pili ni kulipa kiwango kimoja kila unapofika kwenye kituo. Zambia, kwa wanaopitia Tunduma na Nakonde, vituo vya aina hii viko kwenye barabara kuu, na unalipa kila unapokutana na kimoja. Safari ndefu ina vituo kadhaa, kwa hiyo hesabu ya nauli au ya mzigo iwe na fungu hilo. Unalipa kwa kwacha.

Uganda wana barabara ya haraka ya Kampala na Entebbe, ambayo ilianza kutozwa tarehe 8 Januari 2022. Gari dogo lilipangiwa shilingi 5,000 za Uganda. Bodaboda za kawaida haziruhusiwi kabisa, na kule Nairobi Expressway pia pikipiki na bajaji haziruhusiwi.

Je, ni lazima niipite?

Hili ndilo wasikilizaji wengi hawalijui. Nairobi, barabara ya zamani iko pale pale chini ya ile ya juu, na haina malipo. Ukitoka Namanga ukafika Mlolongo, unaweza kuendelea na Mombasa Road chini hadi mjini bila kulipa hata senti. Kampala na Entebbe pia barabara ya zamani ipo.

Tofauti ni muda. Barabara ya chini ina foleni, hasa asubuhi na jioni. Kwa hiyo fanya hesabu kama mfanyabiashara. Ukiwa na nyanya zilizoiva na mnunuzi anakusubiri sokoni alfajiri, tozo inaweza kuwa nafuu kuliko hasara ya kuchelewa. Ukiwa na mgonjwa ndani ya gari, usifikirie mara mbili. Lakini ukiwa na vitunguu vikavu na hakuna anayekukimbiza, pita chini, hela yako ibaki.

Uamuzi huo ufanye mapema. Ukishapanda njia ya juu hakuna kugeuza, na kurudi nyuma kinyumenyume ni hatari kwako na kwa wengine. Ukijikuta umepanda kwa bahati mbaya, tulia, endelea hadi njia ya kutokea inayofuata, lipa kipande hicho, ushuke. Anayekwenda soko la Wakulima, kwa mfano, anaweza kushukia Haile Selassie.

Mambo matatu yanayochanganywa

Hapa ndipo vishoka wanapopatia riziki, na ndipo msikilizaji wetu alipoumizwa. Yapo malipo ya aina tatu, na kila moja lina mahali pake.

La kwanza ni kibali cha gari la kigeni kuingia nchini. Hilo ni la mpakani. Linashughulikiwa na watu wa forodha, dirishani, ndani ya ofisi, na unapewa stakabadhi ya serikali. Malori ya mizigo katika nchi kadhaa za ukanda wetu hutozwa pia ushuru wa barabara hapo hapo mpakani, kwa kuhesabu kilomita. Ushuru huu hupangwa na serikali na unaweza kubadilika kwa ghafla. Mwaka 2013 Tanzania na Rwanda zilipandishiana hadi dola 500 kwa lori moja, na waliokuwa njiani ndio waliolipa.

La pili ni bima. Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Kwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na nchi nyingine kadhaa unahitaji ile tunayoiita kadi ya njano, yaani bima ya COMESA. Itafute kwa kampuni yako ya bima kabla hujaondoka nyumbani.

La tatu ndiyo tozo ya barabara ya kulipia. Hii hailipwi mpakani, wala haina kibali cha kununua mapema kwa mtu. Inalipwa kwenye kituo cha barabara yenyewe, au kupitia akaunti ya kile kifaa cha kwenye kioo. Akija mtu na karatasi akisema hii inakuruhusu kupita barabara zote za kulipia Kenya, jibu ni hapana. Mwambie asante, ingia dirishani.

Kabla hujawasha gari

Badilisha fedha kwenye duka la kubadilishia fedha au benki, na uwe na noti ndogo za nchi unayokwenda. Ziweke karibu na mkono, zisiwe chini ya kiti.

Muulize mtu aliyepita njia hiyo hivi karibuni kiwango ni kiasi gani kwa gari la aina yako. Pikapu, Noah na Fuso hazilipi sawa.

Kila unapolipa, dai risiti na uitunze hadi urudi nyumbani. Kama gari si lako, risiti ndiyo itakayosema kwa tajiri wako hela ilikwenda wapi.

Ukiona hujaelewa kwenye kituo, muulize mhudumu. Kiswahili kinatosha Kenya, na sehemu nyingi za mipakani utapata anayekielewa.

Kwa nini tunayasema haya sasa? Kwa sababu barabara hizi zinaongezeka. Kenya wameanza kuipanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita Nakuru, kwa mpango wa watumiaji kulipia. Kwetu Tanzania nako mpango wa barabara ya haraka kutoka Kibaha kwenda Chalinze na Morogoro umezungumzwa kwa miaka kadhaa. Kujua mapema ni bora kuliko kufundishwa na honi za walio nyuma yako.

Tukirudi kwa msikilizaji wetu wa Mang'ola: tulimjibu kwamba hakukosea kupanda barabara ya juu. Alikosea kumlipa mtu asiye na dirisha. Vitunguu vyake viliuzika, lakini anasema zile 40,000 zilikuwa faida ya magunia kadhaa. Msimu ujao anakwenda tena, na safari hii ameshabadilisha fedha.

Nawe kama una safari ya kuvuka mpaka na kuna jambo hujalielewa, tutumie ujumbe wa sauti. Tutauliza kwa niaba yako, na majibu utayasikia hewani.