Mwani Hunywa Kila Kilichomo Baharini

Mwani hauna mizizi. Kinachofanana na mzizi ni kishikizo tu cha kuung'ang'anisha mwambani. Virutubisho huingia kupitia mwili wake wote, moja kwa moja kutoka majini. Kwa njia hiyohiyo huingia risasi, kadimi na shaba. Wanasayansi huutumia mwani kama kipimo cha bahari, kwa kuwa metali iliyo haba mno majini huweza kukutwa humo ikiwa imejilimbikiza mara maelfu.

Metali hizo huletwa na maji taka ya viwanda, betri zilizotupwa na rangi zipakwazo chini ya vyombo. Nyingi kati ya rangi hizo hutiwa shaba makusudi, ili kuua mwani mchanga na viumbe wanaoganda kwenye boti. Si ajabu basi ikivuja ikadhuru na mwani wa jirani. Shaba kidogo ni kirutubisho. Ikizidi, huweza kuiondoa magnesi katika umbijani na kukalia nafasi yake, usanisinuru ukadorora. Wa kwanza kuumia ni machipukizi: mwani mkubwa huonekana mzima, ilhali kizazi kinachofuata kinashindwa kujishikiza.

Unguja, kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara mwaka 1989 kimo zaidi mikononi mwa wanawake. Kwa miaka mingi zao hilo lilisafirishwa nje kutengenezewa karajinani, kitu cha kuzitia vyakula uzito. Siku hizi mwani unaingia pia katika juisi, achari na keki zetu, na hapo ndipo tabibu anapokuwa na la kusema. Kupika hakuangamizi metali. Kadimi ikishaingia figoni hukaa humo miaka kumi hata thelathini.

Sioni sababu ya kuwatisha walaji, maana aina za mwani hazifanani. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri wananchi wasile hijiki, mwani wa Kijapani, kwa sababu ya aseniki isokaboni, aina inayosababisha saratani. Aina nyingine zilizopimwa pamoja nao hazikukutwa na sumu hiyo. Kwa hiyo kinachohitajika ni kupima mwani wetu wenyewe, shamba kwa shamba, tukianza na yale yaliyo karibu na bandari na mifereji ya mji, kabla haujafungashwa kuwa chakula cha watoto.